Kundi Safi

Kinywa cha binadamu ni kitu cha kuchukiza, na anayebisha hajawahi kukwangua vinywa ishirini na sita asubuhi moja. Fidélie alikwangua. Unamwambia mama wa watu apanue kinywa, unaingiza kijiti bapa cha mbao, unakwangua ndani ya shavu mara kumi upande huu na mara kumi upande ule, kisha unapaka kwenye kioo chembamba kile kilichotoka. Kinachotoka ni ute mweupe unaovutika, na humo mna mabaki ya dagaa wa jana, mna pombe, mna harufu ya jino lililooza miaka mingi na mwenyewe kalizoea. Kila alipoinua kijiti Fidélie alibana pumzi. Kwa waosha mawe alivaa glavu mbili mbili.

Waosha mawe ni wale wanawake wanaoshinda ndani ya maji mpaka kiunoni, nje kidogo ya Kolwezi, wakisuuza mawe ya shaba na kobalti kwa karai na chekeche. Bwawa lao linapokea maji yanayochuruzika kutoka kwenye kilima cha mabaki ya kiwanda, na rangi yake si rangi ya maji. Ni kijani kilichochanganyika na kutu, na juu kuna utando unaong'aa. Wanaoga humo humo. Wananawisha watoto humo humo. Fidélie, binti wa marehemu Tshimanga aliyekuwa karani wa mgodi, alikulia katika nyumba ya matofali ya cité, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, katika familia ya Kikasai iliyoletwa huku enzi za babu, na tangu utotoni aliambiwa kwamba watu wa bwawani si watu wa kukaribia. Alikua na maneno hayo bila kuyahoji, na glavu ya pili ilitokana na maneno hayo.

Sasa wanawake hao walikuwa wamechoka kukohoa na kuharibikiwa mimba, wakapeleka malalamiko. Kampuni inayomiliki mabaki ilitia saini mbele ya wakuu wa mji: maabara ipime seli zao, na ikionekana kwamba bwawa linawadhuru kuliko watu wasioosha mawe, kampuni itavuta bomba la maji safi na kujenga mahali pengine pa kuoshea. Isipoonekana, kila mtu arudi alikokuwa. Maabara iliyopewa kazi ilikuwa ya Daktari Ruffin, na aliyehesabu seli alikuwa Fidélie.

Kinyaa chake kiliishia kwenye kijiti. Kioo kikishapakwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, aliona kitu kingine kabisa: seli za shavu zimetandaa, nyembamba, kila moja na kiini chake katikati, duara la zambarau lililofungwa ndani ya utando wake. Hicho alikipenda, na hakuona haya kusema hivyo. Ndani ya kiini ndimo yanamofungiwa maagizo yote ya seli: itengeneze nini, iache nini, igawanyike lini. Seli inapogawanyika, maagizo hunakiliwa, na kila seli mpya hupata nakala yake kamili. Lakini sumu ikiyakata, kipande huachwa nyuma. Kipande hicho hujivika utando wake na kubaki pembeni ya kiini kikubwa, kitone kidogo tu, kiini cha uongo kisichoongoza chochote. Kitone kimoja si ugonjwa. Mtu mzima anaweza kuwa navyo viwili vitatu katika seli elfu mbili na asiugue kamwe. Vikizidi mno, ujue kuna kitu kinaingia mwilini na kukata.

Kuhesabu peke yake hakusemi kitu, lazima wawepo watu wa kulinganisha nao, watu wasiogusa madini, ambao Daktari Ruffin aliwaita kundi safi. Mwongozo wa kazi ulitaka watafutwe mbali, Lubudi kwa mfano, kwa wakulima. Fidélie mwenyewe ndiye aliyesema hakuna haja ya safari. Si wapo akina mama wa kwaya ya parokia yao? Wake na wajane wa makarani, wenye vitenge vilivyonyooshwa na viatu visivyojua tope. Aliwapanga mstari ishirini baada ya mazoezi ya kwaya, akapita akimuuliza kila mmoja kwa sauti swali la fomu: je, unafanya kazi yoyote ya madini, mgodini, bwawani au nyumbani? Wote walijibu hapana, na wengine walikunja pua kwa kuulizwa tu. Namba tisa alikuwa mama yake mzazi, Mama Laure, aliyekuwa amesuuza kinywa kwa maji ya chumvi ili asimtie binti yake aibu. Kwa kundi hilo Fidélie alivaa glavu moja.

Hesabu ilichukua wiki tatu. Waosha mawe walitoa, kwa wastani, vitone kumi na kimoja katika seli elfu mbili. Kundi safi lilitoa kumi na kimoja.

Daktari Ruffin alifurahi waziwazi. Alikuwa akila karanga juu ya meza ya vioo, maganda yanamwangukia kifuani, na alichokoa meno kwa kijiti kipya cha kukwangulia. Hakuna tofauti, alisema, na kama hakuna tofauti basi bwawa halina kosa. Ripoti ingesomwa Ijumaa katika ukumbi wa parokia, kampuni ikiwepo, wanawake wakiwepo, na mambo yangekwisha. Kisha akakirudisha kile kijiti kwenye boksi la vijiti vipya. Fidélie alikiona kikiingia, chenye mate, katikati ya wenzake. Akalitupa boksi lote jalalani Daktari alipotoka.

Lakini hakutulia. Kumi na kimoja kwa wanawake wa bwawani aliitegemea. Kumi na kimoja kwa wanawake wa kwaya haikumwingia akilini. Alirudia kioo kimoja kimoja, akidhani amechanganya namba, na hakuwa amechanganya. Mmoja alikuwa na vingi kuliko wote arobaini na sita, ishirini na viwili. Alihesabu mara ya tatu, jicho linamwasha, na viini vya uongo vikabaki vile vile ishirini na viwili, vimekaa pembeni ya viini vya kweli. Namba iliyochorwa kwenye kioo ilikuwa tisa.

Jumamosi mchana alikwenda kwa mama yake. Mama Laure alifurahi, akamtilia bukari, ugali wa moto, na sombe ya majani ya muhogo iliyoiva vizuri na mawese. Redio ilikuwa inaimba nyimbo za Bwana kwa sauti ya kuuma masikio. Nyumba nyingi za mtaa huo zilifungulia redio hivyo mchana kutwa, na Fidélie siku zote alidhani ni uchaji wa Mungu. Alimega, akachovya, akala. Halafu wimbo uliisha, ukapita ukimya wa pumzi mbili hivi, na chini ya sakafu mtu akakohoa.

Kikohozi kilikuwa cha Stany, kaka yake. Mama Laure aliunyoosha mkono haraka kuongeza sauti ya redio, na haraka hiyo ndiyo iliyomwondoa Fidélie kwenye kiti. Alisukuma mlango wa chumba alicholala utotoni. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Katikati ya sakafu kulikuwa na shimo la upana wa pipa, kamba inaning'inia ndani, turubai limekunjwa kando, na magunia ya mawe yamepangwa mpaka dirishani. Hayo yote angeweza kuyavumilia. Kilichomshinda ni kinu. Kinu cha jikoni, kilichotoka kwa bibi, kilikuwa kimekaa kando ya magunia, na ndani yake mlikuwa na unga wa mawe yaliyotwangwa ili mnunuzi ayapime. Kwenye ukingo, yameshikana na vumbi hilo la kijani, yalikuwepo mabaki mabichi ya majani ya muhogo. Sombe iliyokuwa bado kinywani mwake ilitwangwa humo.

Alikimbilia nje, hakufika mbali. Alitapika juu ya mawaridi ya mama yake, na alipofuta mdomo akasikia chembe zikisagika katikati ya meno, akatapika tena. Mama Laure alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Fidélie alikitazama kikombe, akawaza kilioshewa wapi, akakisukuma.

Alimuuliza mama yake kwa nini alisema hapana siku ile. Mama Laure alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaweka mikono magotini.

"Uliniuliza mbele ya bamama bote, Fidé," alisema. "Ulitaka miye niseme nini? Na bo pia walisema hapana, na mi minajua manyumba yabo. Kila kwenye redio inalia sana, kuko shimo."

Akaeleza bila kuulizwa zaidi. Stany alianza kuchimba mawe ya kobalti baada ya kifo cha baba yao. Mchana anachimba, mama anafagia, anapepeta, anatwanga. Hakuna jirani anayemwambia jirani. Jumapili wanakutana kanisani, wanasalimiana kwa mashavu, kila mmoja akidhani kwamba mwenzake hajui. Wakuu wa mji walikwisha kutangaza kwamba nyumba yoyote ya cité itakayokutwa na shimo itachukuliwa. Kwa hiyo, alisema Mama Laure kwa upole uliomkera Fidélie kuliko kelele, ukisema, watatufukuza mu nyumba ya baba yako, na Stany watamfunga.

Fidélie alikuwa akikumbuka miaka yote ambayo mwanamke huyu aliwaita waosha mawe nguruwe. Alikumbuka jinsi alivyovushwa barabara, mtoto, ili asigusane nao. Chuki iliyompanda haikuwa na heshima hata kidogo, na aliiachia ipande. Mama yake alinuka sabuni ya unga na blu ya kufulia, na ndani ya shavu lake viini vilikuwa vimekatwakatwa kuliko vya yeyote aliyesimama bwawani. Aliondoka bila kuaga.

Jumatatu alimwambia Daktari Ruffin kwamba kundi safi lina mashaka, lifutwe, waende Lubudi wakatafute watu wengine. Hakutaja nyumba. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akipangusa maganda ya karanga kifuani. Kisha akamkumbusha kwamba kundi alilichagua yeye, maswali aliyauliza yeye, saini ilikuwa yake. Akitaka kulifuta, lazima aandike sababu, na sababu hiyo isomwe mbele ya watu. Alimwangalia kidogo, akatabasamu.

"Ma fille, mtoto wangu, Kolwezi nzima iko na mashimo mu manyumba," alisema. "Uliniletea kwaya. Unazani mi sikujua?"

Fidélie aliuona ulimi wake ukitafuta punje ya karanga nyuma ya jino, na akaelewa kwamba mzee huyu hakudanganya popote, hakubadilisha namba hata moja, alikaa tu akamwacha mjinga mwenye glavu moja amfanyie kazi. Kosa lilikuwa la Fidélie tangu mwanzo, na lilikuwa la dharau tupu. Aliwaona wanawake wa kwaya ni safi kwa sababu vitenge vyao vilikuwa safi.

Siku nne hakulala vizuri. Akisema kweli, nyumba inakwenda na Stany anafungwa. Akinyamaza, wanawake ishirini na sita wanarudi kwenye maji yale ya kijani kwa saini yake, na wenzao mia na zaidi wasiopimwa, na mabinti zao baada yao. Alilipima jambo hilo akipiga mswaki, maana sasa alipiga mswaki mara sita kwa siku mpaka fizi zikatoa damu. Kila mara alihisi bado kuna chembe katikati ya meno.

Ijumaa alasiri ukumbi ulijaa. Waosha mawe walikuja wamevaa vizuri, vilemba vimefungwa, viatu vya plastiki vimesuguliwa. Mbele yao alikaa kiongozi wao, Mama Ngoyi, mwanamke mpana mwenye vidole vilivyopasuka mpaka nyama. Mwakilishi wa kampuni alikaa pembeni na daftari lake. Daktari Ruffin aliwaonyesha ukutani picha ya seli, akaeleza kiini ni nini, tena alieleza vizuri, mpaka wanawake wakawa wanasogeza vichwa ili waone. Halafu akawaambia matokeo: viini vyenu havina tofauti na vya akina mama wa kwaya.

Fidélie alitegemea manung'uniko, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Wanawake walikumbatiana. Mmoja alipiga magoti. Kwa muda alidhani hawakuelewa, kisha akatambua kwamba walielewa sana. Miaka yote wameambiwa wameoza, wameogopwa sokoni, wameachwa na waume kwa ajili ya mimba zilizotoka, na sasa daktari mwenye koti jeupe amesema ndani yao ni kama wanawake wa cité. Mama Ngoyi alikuja hadi mbele, akamkumbatia Fidélie, shavu kwa shavu, mara tatu.

"Asante, mwanangu," alimwambia sikioni. "Basi tuko bantu sawa na bengine."

Shavu lake lilikuwa la moto na kavu, na alinukia sabuni. Fidélie alijichukia mpaka ngozi ikamwasha. Kama Mama Ngoyi angemtemea mate angeona nafuu kuliko kushukuriwa hivyo.

Alikichukua kipaza sauti kabla Daktari Ruffin hajakaa vizuri. Hakusema mengi, wala hakuyapanga. Alisema kundi safi si safi. Alisema aliwachagua yeye kwa kutazama nguo zao, akawauliza hadharani, wakaona aibu, wakasema uongo. Alisema vitone kumi na kimoja ni vingi mno kwa yeyote, na kama kwaya ina kumi na kimoja, hiyo haimaanishi kwamba bwawa ni zuri, inamaanisha kwamba sumu imeingia hadi vyumbani.

"Namba tisa ni mama yangu," alisema. "Eko na ishirini na mbili. Mu chumba nililalaka mi, kuko shimo."

Vigelegele vilikuwa vimekwisha zamani. Daktari Ruffin aliizima mashine ya picha, akasema binti huyu anaumwa, amesumbuka na kazi. Mwakilishi wa kampuni hakumtazama mtu. Aliandika mstari mmoja, akafunga daftari, akasema kwamba baada ya maneno hayo ripoti haiwezi kutiwa saini, kipimo kirudiwe na watu wa mbali. Kisha akatoka. Nyuma ya ukumbi wanawake wawili wa kwaya walikuwa tayari wameweka simu masikioni, na Fidélie alijua habari ingefika nyumbani kabla yake.

Mama Ngoyi alikuwa bado amesimama mbele. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, na Fidélie alisubiri matusi, maana amewapokonya kile walichokipata sasa hivi. Mama Ngoyi akauliza jambo moja tu.

"Na mama yako, hii hesabu yake anaijua?"

Fidélie alikuwa amevihesabu vitone vya mama yake mara tatu. Amehofia ripoti, amehofia nyumba, Stany, jina la ukoo, chembe katika meno yake mwenyewe. Alikuwa amekichukia kile kinywa, akakiona kama kioo kilichomharibia kazi, na hakuna siku hata moja aliyokaa akafikiria kwamba mwenye kinywa hicho yuko hatarini na hajui.

"Hapana," alisema.

"Basi twende tumuambie," alisema Mama Ngoyi, akajifunga upya kitenge chake.

Waosha mawe saba walikwenda pamoja na Fidélie, kwa miguu, mvua ya mchana imegeuza njia kuwa tope jekundu. Katika barabara za cité watu walitoka barazani kuwatazama, kwa sababu waosha mawe hawapiti huko. Redio za mtaa zote zilikuwa zimezimwa. Fidélie hakukumbuka kuwahi kusikia mtaa huo kimya namna hiyo.

Mama Laure alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge cha kwaya, macho mekundu. Hakumtazama binti yake. Fidélie alisimama chini ya ngazi, akamwambia yote pale pale, kwa maneno mepesi: kiini ni nini, vitone ni nini, kwamba si ugonjwa bado, kwamba ni dalili kuwa vumbi linamkata ndani, kwamba kinu kile kitupwe leo na shimo lifukiwe leo, hata kama nyumba itachukuliwa kesho. Akamtajia ishirini na viwili.

Mama Laure aliuliza wale wa bwawani wana vingapi. Fidélie akamjibu kumi na kimoja, na kwamba hata vya kwao ni vingi. Mama yake aliwatazama wale wanawake saba, kuanzia kwenye vilemba kushuka, mpaka kwenye miguu yao iliyojaa tope hadi vifundoni. Mama Ngoyi, kwa adabu, aliinama avue viatu kabla ya kupanda ngazi, na wenzake wakainama pia.

"Musivue," alisema Mama Laure. "Buchafu buko humu ndani."